Kubadilisha madabodi hakulazimishi kufuta Windows

Wengi bado wanaamini kwamba ukibadilisha madabodi (bodi kuu ya kompyuta) lazima usakinishe Windows upya. Enzi za Windows XP ilikuwa karibu kweli: draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya kidhibiti cha diski ikikosekana, unaishia kwenye skrini ya bluu yenye kosa 0x0000007B. Windows 10 na 11 kwa kawaida hutambua vifaa vipya zenyewe.

Kompyuta ikigoma kuingia Windows, anza na mipangilio ya BIOS (programu ya madabodi inayoanzisha kompyuta). Diski ya GPT (mpangilio mpya wa sehemu za diski) inahitaji UEFI, yaani BIOS ya kisasa. Ya MBR (mpangilio wa zamani) inahitaji CSM (hali ya kuiga BIOS ya zamani), ambayo baadhi ya madabodi mpya hazina tena. Kisha tazama hali ya SATA (jinsi madabodi inavyowasiliana na diski): kama zamani ilikuwa AHCI (hali ya kawaida) na sasa imewekwa RAID (ya kuunganisha diski kadhaa), irudishe AHCI. Tafadhali usikimbilie kufomati, mafaili yako bado yapo.

Bado? Washa kwa fleshi ya usakinishaji, bonyeza Shift+F10 kufungua dirisha la amri, tumia diskpart (zana ya kusimamia diski) kuipa sehemu ya EFI (yenye mafaili ya kuanzishia Windows) herufi S, kisha andika amri hii ya kuyatengeneza upya mafaili hayo:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Hakikisha kwanza kwamba C ndiyo yenye Windows, maana hapo herufi huweza kubadilika.

BitLocker (ufungaji wa diski kwa siri wa Windows) ikiwa imewashwa, itadai ufunguo wa urejeshaji wa tarakimu 48. Uhifadhi kabla hujashika bisibisi.