Kabla ya Kalkulasi: Asilimia ya Nini?

Huyu ni wa tatu tangu mwezi uanze. Mama kaja ofisini kwangu hapa Malindi na kijana wake. Kijana amepata nafasi chuo kimoja Marekani, anakwenda kusomea uhasibu, na ametumiwa orodha ya kozi za hesabu achague moja ya muhula wa kwanza. Ami yake keshaamua iwe kalkulasi, ile hesabu ya kasi ya mabadiliko: "Achukue kalkulasi. Uhasibu si ndiyo hesabu yenyewe?" Mama akanitazama, anangoja niseme naam.

Sikusema naam. Nilimwambia kijana avute kiti, nikampa swali la samaki. Nitaliweka hapa hadharani, maana nimechoka kulieleza kwa mmoja mmoja.

Lakini kwanza hili la uhasibu kuwa "hesabu yenyewe". Mimi ni mhasibu, nimefunga vitabu vya hesabu vya hoteli, vya boti za uvuvi na vya duka la simenti. Kalkulasi nimeitumia kazini mara moja, na hata hiyo mara moja nilikuwa najionyesha tu. Jibu lilikuwa limeshatoka kwenye Excel. Kazi ya kila siku ni kuamua. Injini mpya ya boti ni mali, na kuifanyia sevisi ni gharama. Je, kuifumua yote na kuijenga upya ni kipi? Mgeni akilipia chumba cha Krismasi mwezi wa Oktoba, pesa ziko benki lakini bado si mapato. Ni deni, unadaiwa chumba. Hapo hakuna fomula. Hata debiti na krediti, yaani pande mbili za leja (kitabu cha hesabu), ni ujanja wa kuishi bila alama ya kutoa: badala ya kuandika hasi, unahamia upande wa pili.

Ami atanikamata na Luca Pacioli, aliyepiga chapa maelezo ya mfumo huu Venice mwaka 1494, na kweli mtawa yule alikuwa mwalimu wa hesabu. Ila alieleza walichokuwa wakikifanya wafanyabiashara wa Venice tayari, hakukibuni yeye. Miaka minne baadaye Vasco da Gama akatia nanga hapa kwetu, akakuta biashara na Bara Hindi inakwenda zamani, wala haikuwa ikimngoja Pacioli.

Haya, samaki. Unanunua samaki aina ya changu kwa shilingi 400 kilo. Tajiri anataka faida iwe 30% ya bei ya kuuzia. Utauza kilo kwa ngapi?

Kijana akaandika 520. Wote huandika 520. Wanachukua 30% ya 400, wanapata 120, wanajumlisha, wanaweka kalamu chini kwa raha kabisa. Sasa gawanya hiyo 120 kwa 520: ni kama 23%. Tajiri alitaka 30%. Kosa lao ni kuchukua asilimia ya gharama, na tajiri alisema asilimia ya mauzo. Kama faida ni 30% ya bei, basi 400 ni 70% ya bei, na bei ni 400 gawanya kwa 0.7, yaani 571 na senti kidogo. Tofauti ni shilingi 51 kwa kilo. Duka linalouza kilo 100 kwa siku limepoteza zaidi ya 5,000 kabla ya adhuhuri, na karani atakwambia hesabu zake ziko sawasawa. Na kweli kujumlisha amejumlisha vizuri!

Mdudu huyohuyo yuko kwenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Risiti inasema 11,600, kodi ikiwa ndani yake, kwa 16%. Kodi ni ngapi? Karani anapiga 16% ya 11,600, anapata 1,856. Hapana. Ile 16% ilipigwa juu ya bei kabla ya kodi, kwa hiyo 11,600 ni 116%, na kodi ni 16 kwa 116 yake: 1,600. Shilingi 256 zimezuka kwenye risiti moja tu. Nimewahi kukabidhiwa vitabu vya mwaka mzima vilivyofanywa hivyo, na kuvinyoosha kulinichukua wikendi mbili ambazo sikuzilipiwa.

Na uchakavu, yaani mali kupungua thamani? Injini ya 640,000, thamani yake inapungua kwa 20% ya salio kila mwaka, baada ya miaka minne imebaki ngapi? Anayezidisha 20 kwa 4 anasema 80% imekwenda, imebaki 128,000. Lakini kila mwaka 20% inapigwa juu ya kilichobaki, si juu ya bei ya mwanzo. Jibu ni 640,000 × 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani 262,144. Zaidi ya maradufu.

Maswali yote matatu ni aljebra. Ni kujua kipi ndicho kizima, kukipa herufi, na kukitafuta. Basi. Mwenye kulifanya hilo bila kutetereka nitamruhusu kalkulasi leo hii. Asiyeweza, kalkulasi itamtoa roho. Nimewasaidia wengi waliokwama kwenye kalkulasi, na tatizo karibu siku zote ni sehemu (nusu, robo na nyinginezo), mabano na vipeo. Derivativu wenyewe, kitendo kikuu cha kalkulasi, wanaukariri kwa siku mbili, wanaanguka kwenye mstari unaofuata, pale pa kurahisisha.

Sasa orodha ya chuo. Huko Marekani kwa kawaida utakuta aljebra ya chuo, takwimu, kozi waiitayo finaiti (matriki, yaani majedwali ya namba, probabiliti, yaani hesabu za uwezekano, na hesabu za riba), kalkulasi ya biashara, halafu kalkulasi kamili ya wahandisi. Mara nyingi kuna na kozi laini ya hesabu kwa wasiosomea hesabu. Hiyo laini ndiyo mtego. Inaweza kukutimizia sharti la jumla la chuo, lakini mara nyingi haifungui mlango wa kozi inayofuata, na skuli ya biashara haiitaki. Utakuwa umelipa muhula mzima kwa dola kisha unaanza upya. Soma ukurasa wa masharti ya shahada yako, si ukurasa wa chuo kizima. Skuli nyingi za biashara zinadai takwimu, na nyingi kati yake zinadai pia kalkulasi ya biashara. Wakikudai, utaichukua, hakuna mjadala. Swali ni uichukue kwanza au baada ya aljebra. Ukipewa mtihani wa kupimwa kiwango, ufanye mwenyewe. Kuna waliosaidiwa na binamu wakapangiwa darasa ambalo binamu hakwenda kuwafanyia.

Wa vyuo vya hapa nyumbani mna bahati au mkosi, kozi huwa mmeshapangiwa. Na wa CPA, ile mitihani ya uhasibu ya bodi ya KASNEB ya hapa Kenya, karatasi yake ya hesabu mnaijua. Matriki na kalkulasi zimo, takwimu ndizo zenye uzito kazini.

Hapo kwenye takwimu nami nina walakini wangu. Nilifundishwa kwamba mkaguzi huchagua vocha (hati za malipo) kwa bahati nasibu. Kazini tulichukua kubwa zote, kisha zile zinazonuka, kisha chache za kujazia, na wizi mwingi tulioupata ulikuwa kwenye zinazonuka. Sijaamua kama ile nadharia ya sampuli ilinisaidia au ilinipa maneno ya kuandika kwenye ripoti. Kilichonisaidia bila shaka ni kuutilia shaka wastani. Hoteli ya Malindi inayojaa Desemba na kufunga Mei inaweza kuwa na wastani wa nusu ya vyumba mwaka mzima, na usipate mwezi hata mmoja uliokuwa nusu. Ukiajiri wapishi kwa wastani huo, umekwisha.

Na niseme ukweli mwingine, ami asije akaniita mnafiki: mimi kalkulasi niliisoma. Siitumii, lakini aljebra yangu ilikaza kwa sababu kalkulasi iliibana. Labda ningekazwa vilevile na mwalimu mkali wa riba na uchakavu. Labda sivyo. Mwanafunzi mmoja nilimzuia asiichukue, kisha akataka kuhamia kozi ya fedha na ikambidi airudie njia yote. Huyo bado ananisalimu, lakini kwa ufupi.

Kijana wetu wa 520 nilimwambia aanze na aljebra ya chuo, takwimu muhula wa pili, kalkulasi ya biashara baada ya hapo. Akaitikia, na nadhani alipumua. Mama akauliza, "Hiyo aljebra, ni ndogo kuliko kalkulasi?"

"Ndiyo, dada yangu. Inakuja kabla."

Akaikunja ile orodha, akaitia mkobani. Akasema atampigia ami.