Tumbo likichafuka, rudisha maji kwanza

Masika yakishika, kuanzia Machi hadi Mei, maji ya mvua huzoa uchafu wa vyoo na kuupeleka visimani, na matumbo nayo huanza. Anayeharisha huja kituoni na ombi moja: "Daktari, nipe cha kufunga tumbo." Tunamwelewa, maana kuamkia chooni usiku kucha kunachosha. Lakini kinachoua katika kuharisha ni maji na chumvi zinazotoka mwilini. Kuharisha kwenyewe mara nyingi hukoma baada ya siku chache bila dawa ya kukuzuia.

Pakiti moja ya kawaida ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ni ya lita moja ya maji safi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu huimimina pakiti nzima ndani ya gilasi moja, akisema mtoto hawezi kumaliza lita. Maji hayo huwa na chumvi kali mno, na kwa mtoto mdogo hiyo ni hatari ya kweli. Tumia chupa ya nusu lita kama kipimo: jaza mara mbili, mimina kwenye jagi, tia pakiti yote, koroga hadi iyeyuke. Onja. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, umekosea kipimo. Mwaga uanze upya. Funika jagi, na yakibaki baada ya saa 24 yamwage.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila akiharisha. Mkubwa zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha mnyweshe kijiko kimoja kimoja, bila haraka. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Sukari iliyomo kwenye ORS haikuwekwa kwa ajili ya ladha. Utumbo, hata ukiwa mgonjwa, huipokea chumvi inapoandamana na sukari, na maji hufuata nyuma. Sukari ikizidi, kama kwenye soda au juisi ya miwa, maji huvutwa kutoka mwilini kuingia utumboni, na kuharisha kunaongezeka. Dafu ni zuri na lina potasiamu, ila chumvi yake ni ndogo. Lisichukue nafasi ya ORS. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vitakufikisha hadi duka la dawa lifunguliwe.

Kwa watoto kuna pia vidonge vya zinki, ambavyo WHO na UNICEF walivipendekeza pamoja na ORS mwaka 2004. Mtoto wa miezi sita na zaidi hupewa miligramu 20 kwa siku, aliye chini ya hapo miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14. Mama wengi huviacha siku ya tatu kwa kuwa choo kimeshakuwa kizito. Vimalizeni.

Dawa za kufunga choo asipewe mtoto, wala mtu yeyote mwenye homa au choo chenye damu. Na zile antibayotiki zilizobaki kabatini tangu mwaka jana, ziacheni huko. Kuharisha kwa virusi hazikugusi.

Sasa gesi. Utumbo uliochubuka hushindwa kwa muda kusaga sukari ya maziwa ya ng'ombe, bakteria wakaichachusha, tumbo likajaa na kunguruma. Si ugonjwa mpya. Mtu mzima apunguze maziwa, maharage, mbaazi na fenesi kwa siku kadhaa, ale wali laini, boflo, ndizi mbivu, supu ya samaki isiyo na pilipili. Urojo usubiri. Wapo wanaokunywa soda ili wapige mbweu. Wanaongeza gesi juu ya gesi. Lakini mbweu zenye harufu ya yai viza, pamoja na choo cha mafuta kwa wiki kadhaa, huenda ni giadia, kijidudu cha maji machafu. Hapo choo kipimwe.

Katika Ramadhani tunakutana na wagonjwa wanaojikaza hadi magharibi. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kuzilipa siku zake baadaye, na mwili unaopoteza maji tangu alfajiri hauwezi kungoja futari.

Usisubiri asubuhi ukiona choo cha damu, macho yaliyobonyea, mkojo uliokatika, usingizi usio wa kawaida, au mtoto asiyeweza kunywa. Finya ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili, uiachie: ikirudi polepole, maji yamepungua mwilini. Tumbo gumu linalouma, lenye kutapika na lisilotoa choo wala upepo, ni la hospitali moja kwa moja. Choo cheupe mithili ya maji ya kuoshea mchele, kinachomwagika mfululizo, kichukulieni kuwa kipindupindu: mpeni ORS mkiwa njiani, na mwambieni sheha ili kisima na majirani waangaliwe.

Aliyeugua asipikie wengine wala asiuze chakula hadi zipite siku mbili tangu choo kitulie, hata kama anajiona mzima na wateja wanamuulizia.