Mac mpya na programu za Windows, mbona inawezekana tu
Watu bado wanasema eti tangu Apple walete chipu ya M1 mwaka 2020 na Boot Camp (njia ya Apple ya kuwasha Mac kwa Windows) ikaachwa, basi programu za Windows kwenye Mac ndo bas. Sio kweli. Kilichoondoka ni kuwasha mashine moja kwa moja na Windows, ila kompyuta pepe ipo, yaani unaweka programu ya Parallels au UTM inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya Mac, ndani yake unainstoo Windows 11 ya Arm (aina ya chipu kama M1), na hiyo Windows yenyewe inazitafsiri programu zilizotengenezwa kwa chipu za Intel, nyingi zinapiga kazi kama kawaida, na Microsoft walishaidhinisha njia ya Parallels 2023. Zinazogoma ni zenye draiva (programu ndogo za kuendesha vifaa) za Intel, na magemu yanayobana sana wadanganyifu. Ukiwa na RAM ya GB 8 utasikia uzito, hapo sikufichi.