Je, wajua kwa nini gundi nyingi hudhoofisha kiungo cha mbao?

Kwa mafundi seremala wengi, Mwanza na kwingineko, kuna imani mbili zinazokwenda pamoja: mwaga gundi ya kutosha ndiyo ishike, na kwaruza ubao kwa msasa mkali ili gundi ipate pa kung'ang'ania. Kwa gundi nyeupe ya kawaida, yaani PVA, zote mbili zinaharibu kazi.

Tuanze na mikwaruzo. Gundi hii hainasi mbao kama ndoano. Nguvu yake kubwa ni molekuli zake kuvutana na zile za mbao, na mvutano huo upo tu pale zinapokaribiana mno. Msasa mkali huacha vumbi, nyuzi zilizolegea na mabonde. Randa iliyonolewa vizuri huacha uso safi, na mbao mbili zikikutana hakupiti mwanga katikati. Mtiki una mafuta, kwa hiyo upigwe randa siku ileile ya kugundisha.

Sasa wingi. Gundi ya kwenye kopo ni chembechembe za plastiki zinazoelea majini. Ukishapaka, maji hunywewa na mbao na mengine huenda hewani. Fikiria dagaa ndani ya wavu unaovutwa: mwanzo kila mmoja ana nafasi yake, wavu ukibana wanasogeleana, mwisho ni lundo moja zito. Chembe za gundi huenda mbali zaidi, maana zikisongana huungana na kuwa utando mmoja. Ndipo weupe unapotoweka. Litazame tone lililochuruzika pembeni: ukingo umeshakuwa angavu, katikati bado maziwa. Inapendeza kweli.

Tabaka nene hukauka polepole, husinyaa na kuacha matundu ndani. Tena plastiki hiyo ni laini kuliko mbao, kwa hiyo ikiwa nene, mzigo unabebwa na plastiki. Paka utando mwembamba ulioenea kote, kisha bana. Vitone vidogo vikijipanga kando ya kiungo, imetosha. Vibano vikae nusu saa hadi saa moja, na kazi isibebeshwe mzigo kabla ya saa 24. Kiungo kizuri ukikivunja, nyuzi za ubao mmoja hubaki zimeganda kwenye mwenzake. Hilo halitokei kirahisi ukiunga kichwa kwa kichwa, kwani ncha za mbao hunyonya gundi; hapo chonga ulimi kwenye ubao mmoja na tundu la kuupokea kwenye mwingine.

Mbona basi mitumbwi ya ziwani hupigwa misumari na kuzibwa mianya kwa pamba? Kwa sababu PVA ya kawaida ikilowa muda mrefu hulainika tena. Kiwango cha Ulaya cha EN 204 hupanga gundi za mbao kwa jinsi zinavyovumilia maji, kuanzia D1 hadi D4, na hata D4, inayovumilia mvua ikiwa mbao imepakwa rangi, haikukusudiwa kukaa majini siku zote. Kazi hiyo ni ya epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili. Yenyewe hukauka kwa mmenyuko wa kemikali bila kungoja maji yatoke, na hujaza mianya bila kusinyaa sana. Kwa epoksi, tabaka nene kidogo halina ubaya.