Sikiliza besi kwanza: muziki wa Karibi kutoka sanduku la mbao hadi kinanda cha Casio

Jumamosi iliyopita, katikati ya seti ya pili, kijana mmoja alisogea hadi ukingoni mwa jukwaa akanipigia kelele: "Mzee, tupigieni ile reggae ya Hot Hot Hot!" Tukaipiga, ukumbi mzima ukainuka, nami sikupata nafasi ya kumwambia kwamba alichoomba si reggae hata kidogo. Ni soca, mtindo uliozaliwa Trinidad. Arrow, aliyeutoa wimbo huo mwaka 1982, alikuwa mtu wa Montserrat, kisiwa chenye kilomita za mraba zipatazo 100 tu.

Simlaumu. Huku kwetu reggae imekuwa kama Colgate: kila dawa ya meno ni Colgate, na kila wimbo wa Karibi ni reggae. Ila mimi nimepiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi zaidi ya miaka 20, na ninayo njia yangu ya kuipambanua mitindo ile. Mwimbaji namwacha kando kwanza. Najiuliza mambo mawili: sauti nzito inatoka kwenye chombo gani, na inanyamaza wapi.

Tuanze na chombo. Wapiga son, muziki wa dansi wa mashariki ya Cuba, ambao wengi hawakuwa na uwezo wa kununua besi kubwa ya kusimama, walitumia marímbula: sanduku la mbao lenye tundu mbele, na juu ya tundu vipande vya chuma vinavyofyatuliwa kwa vidole. Mpigaji analikalia sanduku lenyewe. Jamaica, kwenye muziki wa mento, chombo hichohicho kinaitwa rumba box. Mtu aliyewahi kuona ilimba ya Wagogo hahitaji kuelezwa zaidi. Ni ndugu mmoja aliyepelekwa mbali akanenepa. Hata jina ni la Kibantu, lilivuka Atlantiki pamoja na watu waliouzwa utumwani. Tofauti ni kwamba ilimba inapiga tuni, ilhali marímbula ina vyuma vichache tu na kazi yake ni kushikilia chini. Noti yake si lazima iwe sahihi, mradi itue mahali pake. Kwa maoni yangu hapo ndipo besi ya Karibi ilipopata tabia iliyonayo mpaka leo, ya kuwa nusu ala ya tuni na nusu ngoma.

Besi ya kusimama ilipoingia kwenye son miaka ya 1920, ilirithi tabia hiyo. Ignacio Piñeiro, aliyeunda Septeto Nacional mwaka 1927, mwenyewe alikuwa mpiga besi. Baadaye kidogo ukatulia mtindo unaoitwa tumbao, ambamo besi inaikwepa "moja", yaani pigo la kwanza. Hesabu moja-na-mbili-na-tatu-na-nne: besi inaingia kwenye "na" ya baada ya mbili, inapiga nne, na ile nne inaning'inia hadi inaifunika moja inayofuata. Mchezaji anahisi sakafu imesogezwa mbele kidogo ya mguu wake.

Jambo hili halikuishia Havana. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice iliuza Afrika santuri za mfululizo wa GV, nyingi zikiwa za Cuba. Kongo wakazisikiliza wakazigeuza, akaja Kabasele na African Jazz, akaja Franco na OK Jazz, na dansi letu likanywa kisima hichohicho. Mzee aliyenifundisha besi alikuwa akinipiga kofi la bega kila nilipoikanyaga moja. Hakujua kwamba anafundisha Kicuba, na mimi nilikuja kujua miaka mingi baadaye.

Jamaica ndiko ninakopenda kukaa, kwa hiyo mnivumilie. Miaka ya 1950 vijana wa Kingston walicheza mbele ya maspika makubwa ya mitaani, kitu mfano wa kigodoro, yenye wenyewe kama Duke Reid na Coxsone Dodd. Muziki uliopigwa ulikuwa wa Wamarekani weusi. Marekani ilipogeukia rock and roll na santuri za aina waliyoipenda zikaadimika, wenye mitambo wakaanza kurekodi za kwao. Ikazaliwa ska, mtindo uliotamba taifa lilipopata uhuru Agosti 1962. Sikiliza The Skatalites, ambao mara ya kwanza walidumu pamoja mwaka 1964 na 1965 tu: Lloyd Brevett anatembeza besi ya kusimama, noti moja kwa kila pigo, bila kupumzika, huku gitaa na piano zikigonga kwenye "na". Besi ya ska ni mtu anayekimbilia basi.

Kufikia 1966 mtu huyo amechoka. Mwendo umepungua, matarumbeta yamerudi nyuma, na besi ya umeme imeshika nafasi. Wengine husema joto la mwaka ule ndilo lililowapunguza wachezaji kasi; hadithi tamu, ila mimi naamini zaidi chombo. Besi ya umeme inashika noti ndefu na nzito, na ukiwa na noti ya namna hiyo huna haja ya kupiga noti nne kila mstari. Unapiga tatu, unanyamaza, unaacha spika ipumue. Huo ndio rocksteady. Mmoja wa waliousimamisha alikuwa Lynn Taitt, mpiga gitaa kutoka Trinidad aliyewahi kupiga pan, ala ya pipa la chuma, ambaye alizoea kuifuata besi noti kwa noti kwa gitaa lililozibwa kwa kiganja. Nikiwasikia watu wakisema kila kisiwa kina muziki wake, humkumbuka huyu.

Rocksteady ilidumu kama miaka miwili. Mwaka 1968 Toots and the Maytals walitoa "Do the Reggay", na jina likaganda. Kwenye reggae ya miaka ya 1970, ile ya ndugu wawili Aston na Carlton Barrett waliompigia Bob Marley, drams zinaiacha moja tupu kabisa. Ngoma ya mguu inaanguka kwenye tatu. Wanaita one drop. Jaribu kuipiga na mpiga drams aliyekulia kwenye sebene utaona anavyoteseka! Mguu wake unataka kujaza.

Chini ya reggae kuna ngoma za Marasta, nyabinghi, na hilo ni jina la upande wetu: Nyabingi ni pepo aliyeheshimiwa mpakani mwa Uganda na Rwanda, na Muhumuza, mwanamke aliyenena kwa jina lake, aliwapiga vita wakoloni mnamo 1911. Habari zilifika Jamaica miaka ya 1930 zikiwa zimetiwa chumvi nyingi, lakini zilifika.

Kisha ikaja hatua ambayo hakuna mwanamuziki aliyeiomba. King Tubby alikuwa fundi wa redio na amplifaya. Akakalia miksa, akamtoa mwimbaji, akaacha besi na drams, akarusha mwangwi juu yake. Hiyo ni dub. Upande wa pili wa santuri sasa ulikuwa na muziki mtupu, na U-Roy akazungumza juu yake akapata umaarufu mkubwa mwaka 1970. Mzaliwa mmoja wa Kingston aliyehamia New York, Kool Herc, alipoanza kupiga muziki kwenye sherehe za Bronx mwaka 1973, alikuwa na malezi hayo ya mitambo mikubwa kichwani. Ya hip hop mnayajua.

Trinidad walipita njia nyingine. Waingereza walipobana ngoma za watu weusi miaka ya 1880, watu walihamia kwenye mianzi inayogongwa chini, baadaye kwenye mabati na makopo, na kufikia miaka ya 1940 kwenye mapipa ya mafuta. Wengi wanaijua pan ndogo inayolia kama kengele. Mimi naomba mtazame nyuma ya bendi: mpiga besi amesimama katikati ya mapipa sita au tisa mazima, kila pipa lina noti tatu hivi, naye anageuka huku na huku kama mama ntilie mwenye masufuria mengi jikoni. Besi ya namna hiyo huwezi kuivuta. Inagonga na kuruka, na calypso, muziki wa kisiwa kile, nayo inaruka. Lord Shorty ndiye aliyeinenepesha miaka ya 1970. Aliona calypso inazidiwa na reggae na soul, akachukua midundo ya Wahindi wa kisiwa kile, ambao mababu zao walianza kufika mwaka 1845, akaiingiza pamoja na besi nzito ya umeme. Hiyo ndiyo soca, mama wa "reggae" ya yule kijana wangu.

Kwenye visiwa vya Kifaransa nitapita mbio. Haiti ilikuwa na kompa ya Nemours Jean-Baptiste tangu 1955. Mwaka 1979 watu wa Guadeloupe, wakiongozwa na Pierre-Edouard Décimus, aliyekuwa mpiga besi, na Jacob Desvarieux, waliunda Kassav' na kuizaa zouk, ambayo ngoma za gwo ka zinasikika ndani yake. Georges, mdogo wake Décimus, ndiye aliyeshika besi. Bendi nyingi za Afrika hazikuwa zilezile baada ya hapo.

Sasa kinanda. Mwaka 1981 Casio walitoa MT-40, kinanda kidogo cha nyumbani chenye midundo iliyokwisha tengenezwa. Mmoja wapo, ulioandikwa "rock", ulibuniwa na Hiroko Okuda, dada wa Kijapani aliyekuwa ametoka chuoni ambako aliandika tasnifu kuhusu reggae. Mwaka 1985 Wayne Smith na Noel Davey walikibonyeza kinanda hicho Kingston, Prince Jammy akaupunguza mwendo, na "Under Mi Sleng Teng" ikabomoa kila kitu. Hakuna gitaa, hakuna mpiga drams. Wasanii mamia wakauimbia mdundo uleule, na wapiga besi wenzangu wa Kingston wakaanza kuona simu zao hazilii. Kutoka kwenye dancehall, ndivyo ilivyoitwa reggae hiyo ya mashine, ndipo ulipotoka mdundo wa dembow, unaotokana na wimbo wa Shabba Ranks, ambao Wapanama na Wapuertoriko waliufanya msingi wa reggaeton. Kuna nyimbo za reggaeton ambazo besi haina tuni kabisa, ni kishindo tu.

Ningepaswa kununa. Lakini kishindo kisichojali noti sahihi nilikwisha kukisikia kwenye marímbula. Fundi seremala jirani yangu ananitengenezea moja kwa mbao za mninga, na kwa vyuma nimempa mkanda wa msumeno wa zamani. Chuma kirefu kuliko vyote kinatoa sauti ya mtu anayegonga mlango wa jirani usiku. Bado sijajua ni noti gani.