Alan Page na hesabu ya kilo

Wasomaji wa uchambuzi wangu wa futiboli ya Kimarekani huniuliza zaidi kuhusu kwotabeki, na si ajabu, kwa kuwa ndiye mwenye kuanzisha karibu kila shambulizi. Mimi huwashauri wautazame kwanza mstari wa ulinzi, na nikitakiwa kumtaja mlinzi mmoja ambaye safari yake inafaa kusomwa kwa makini, humtaja Alan Page, aliyecheza NFL, ligi kuu ya mchezo huo Marekani, kuanzia 1967 hadi 1981, kwanza katika timu ya Minnesota Vikings na kisha Chicago Bears.

Page alicheza katikati ya mstari huo, mahali ambapo mlinzi hukabiliana uso kwa uso na wachezaji wazito kuliko wote uwanjani, na mara nyingi hukabiliwa na wawili kwa pamoja. Mlinzi wa nafasi hiyo huinama huku mkono wake ukigusa nyasi, akisubiri mpira upitishwe nyuma kati ya miguu ya mchezaji wa kati wa timu pinzani. Ukishapita, hana nafasi ya kutafakari: lazima ajue papo hapo kama wapinzani wanataka kukimbia nao au kuurusha. Desturi ya zamani ilimtaka mtu wa namna hii awe mzito, asimame imara na kuziba njia, ili sifa ya kumwangusha mwenye mpira iende kwa wengine. Page alikuwa na urefu wa mita 1.93 na uzito wa kilo 111 hivi, lakini silaha yake ilikuwa hatua ya kwanza. Aliondoka mpira ulipotikisika tu, akapenya upande wa bega la mpinzani kabla huyo hajanyoosha mikono ya kumzuia, na akawa tayari yuko nyuma ya mstari wakati wenzake wakiwa bado wanasukumana.

Mwaka 1971 ndio ninaourudia zaidi. Katika mechi ya Desemba dhidi ya Detroit Lions, waamuzi walimwadhibu mara mbili mfululizo, naye akapandwa na hasira. Mashambulizi ya Lions yaliyofuata katika mechi hiyo aliyatawala karibu peke yake, akimwangusha kwotabeki na kuwakamata wakimbiaji nyuma ya mstari wao wenyewe. Mwishoni mwa msimu huo shirika la habari la Associated Press lilimtangaza mchezaji bora wa ligi nzima, heshima ambayo hakuna mlinzi aliyewahi kuipata kabla yake. Aliyemfuata, Lawrence Taylor wa New York Giants, aliipata mwaka 1986. Kwa upande wa mataji hakubahatika, kwa maana Vikings walifika Super Bowl, yaani fainali ya ubingwa, mara nne enzi zake na kushindwa zote nne.

Katikati ya miaka ya sabini mkewe alianza mazoezi ya kukimbia alipokuwa akijitahidi kuacha sigara, na Page akaungana naye. Mazoezi yakageuka mapenzi ya kweli, kiasi kwamba mwaka 1979 alimaliza mbio za marathoni akiwa bado mchezaji wa NFL, jambo ambalo hakuna mchezaji mwingine wa ligi hiyo aliyekuwa amelifanya. Lakini mwili nao ulipungua hadi karibu kilo 100. Baada ya mechi sita za msimu wa 1978, Vikings chini ya kocha Bud Grant walimwacha, wakisema kwamba hana tena uzito wa kuimudu kazi yake. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwa sababu mlinzi mwepesi husukumwa kirahisi wapinzani wanapoamua kukimbia na mpira moja kwa moja katikati. Hata hivyo naona walikosea hesabu, kwani Page hakuwahi kuishi kwa uzito. Bears walimchukua kwa ada ya dola 100 tu, akawachezea mechi 58 bila kukosa hata moja, na kufikisha jumla ya mechi 218 mfululizo tangu alipoingia ligi.

Inawezekana kwamba kilo hazikuwa tatizo pekee. Page alikuwa mwakilishi wa wachezaji katika chama chao, tena wakati ambapo uhusiano kati ya chama hicho na wamiliki wa timu ulikuwa mbaya, na alikuwa akisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Minnesota huku akicheza. Alihitimu mwaka huohuo wa 1978 alioachwa. Yaliyofuata yanajulikana zaidi kuliko mchezo wake: alifanya kazi ya uwakili, akaajiriwa katika ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, na mwaka 1992 alichaguliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu Kabisa ya Minnesota, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuketi hapo. Alistaafu mwaka 2015 baada ya kufikia umri wa miaka 70 uliowekwa na sheria.

Anayetaka kumlinganisha na walinzi wa leo atakwama kwenye takwimu. Ligi ilianza kuhesabu rasmi matukio ya kumwangusha kwotabeki mwaka 1982, msimu mmoja baada ya Page kustaafu, kwa hiyo katika orodha rasmi hana hata moja. Watafiti waliopitia upya kumbukumbu za mechi za zamani wamemhesabia 148.5, idadi kubwa mno kwa mtu aliyecheza katikati, ambako kwa kawaida matukio hayo ni haba kuliko pembeni. Mimi hutumia hesabu yao, na huongezea mateke 28 ya mpira ya wapinzani aliyoyazuia, kwa kuwa teke haliwezi kuzuiwa na mlinzi aliyechelewa kuinuka.