Bingwa ni nani: anayeruka au anayetua?

Jioni kwenye mwalo wa Kibirizi, dagaa wakishaanuliwa, vijana wanajipanga mchangani kupiga samasoti. Mmoja anakimbia, anajirusha, anatua kwa matako. Makofi yanapigwa vilevile. Hapo ndipo ubishi wa jimnastiki huanza, na mengi yanayosemwa si kweli.

La kwanza, ambalo nalisikia kila siku: "Ile ni sarakasi tu, anayepaa juu zaidi ndiye bingwa."

Wanaume hushindana kwenye vifaa 6: sakafu, farasi wa vishikio (kama gogo lenye vishikio viwili juu), pete, meza ya kuruka, fito mbili sambamba, na chuma kimoja cha juu kilicho mita 2.8 kutoka chini. Majaji hutoa alama za ugumu wa mitindo, halafu alama za usafi zinazoanzia 10 na kukatwa kila unapokosea. Ukitua ukasogeza mguu kidogo, 0.1 imekwenda. Hatua kubwa, 0.3. Ukianguka, 1 nzima.

Sasa twende Olimpiki ya Rio, 2016, fainali ya jumla ya vifaa vyote. Kimebaki kifaa kimoja, chuma cha juu, na Oleg Verniaiev wa Ukraine anamwongoza Mjapani Kohei Uchimura kwa 0.901. Uchimura anapanda. Anaachia chuma, anajizungusha hewani, anakidaka tena. Anashuka, na nyayo zinabaki palepale zilipogusa godoro: 15.800. Verniaiev anamfuata, anatua, anasogea: 14.800. Jumlisha yote, Uchimura kashinda kwa 0.099. Yaani pengo la dhahabu na fedha, baada ya vifaa vyote 6, halifiki hata adhabu ya kusogeza mguu kidogo mara moja.

"Bingwa haanguki." Huyohuyo Uchimura, Beijing 2008, akiwa na miaka 19, alianguka mara mbili kwenye farasi wa vishikio, tena fainali. Akapanda kifaa baada ya kifaa hadi akamaliza wa pili. Miaka minne baadaye, London, akachukua dhahabu. Na kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, mabega yalishamchosha akabaki na chuma cha juu peke yake. Chuma kikamponyoka kwenye mchujo, fainali akaisikia tu.

"Ni mchezo wa watoto, ukifika 20 umezeeka." Labda wanachanganya na wasichana wadogo waliokuwa wakionekana kwenye runinga zamani. Pete zinataka bega na kifua cha mtu mzima. Uchimura alikuwa bingwa wa dunia wa jumla mara 6 mfululizo, kuanzia 2009 hadi 2015 (2012 mashindano ya dunia hayakufanyika kwa sababu ya Olimpiki). Rio alikuwa na miaka 27. Alistaafu 2022 akiwa na 33.

Na hili la "wamezaliwa na mifupa laini" nalipita haraka: wazazi wake walikuwa na ukumbi wa jimnastiki Nagasaki, akaanza na miaka 3. Wewe ungelelewa humo ungekuwa na mifupa gani?

Juzi nilimwambia yule kijana wa Kibirizi: "Mdogo wangu, ruka chini zaidi, lakini tua usimame." Mara nne alipepesuka. Ya tano miguu ikazama mchangani ikatulia tuli. Hakuna aliyepiga makofi; walidhani bado hajaruka vizuri.